Jumamosi ya mke na mume wageni Unguja: tupange vipi soko, maduka na bahari?

Mkaazi mpya wa Kikwajuni:

Ndugu zangu, natumaini hamjambo. Mimi na mume wangu ni Wakenya, tumehamia Unguja kutoka Nairobi kwa ajili ya kazi yake ya mkataba, na tumepanga nyumba Kikwajuni, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Mji Mkongwe. Siku za kazi hazitutatizi. Kinachotushinda ni Jumamosi, siku ambayo sote wawili tuko huru, na ambayo tungependa kununua samaki na mboga za wiki, kupeleka nguo kwa fundi cherehani, kutafuta vifaa vya nyumbani Mlandege, kisha tubaki na muda wa kuogelea na kutembea jioni. Kwa mazoea ya Nairobi tunatoka nyumbani mnamo saa nne, tukiwa tumestaftahi bila haraka. Tukifika sokoni samaki wazuri wamekwisha, tukifika madukani wenyewe wanafunga, na tukienda Paje, pwani ya mashariki, tunakuta maji yamekupwa hadi karibu na mwamba, umebaki mchanga na wanawake wanaoshughulikia mwani.

Ninaomba wanaoishi hapa mtueleze jinsi mnavyoipanga siku kama hiyo. Ningependa pia kusikia kuhusu mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa majirani zetu wametupokea kwa wema mkubwa na hatutaki kuwakwaza.

Mzaliwa wa Malindi:

Dada, karibuni sana, na mpe mumeo salamu zangu. Nianze na samaki, kwa sababu hapo ndipo siku yenu inapoharibikia. Katika soko la Malindi, hapa hapa mjini Unguja, shughuli huanza alfajiri, mara watu wanapotoka kuswali, vyombo vinapoingia na samaki wa usiku. Samaki wakubwa kama vile nguru, jodari na chewa hupigwa mnada hapo hapo, wachuuzi wakawanunua na kuwasambaza katika masoko mengine. Kwa hiyo anayefika sokoni saa nne anakuta samaki aliyekwisha pita mikono miwili au mitatu, amepanda bei na amepata joto. Nendeni kabla ya saa moja. Inueni shavu la samaki mtazame matamvua, ambayo yanatakiwa yawe mekundu ya damu mbichi wala si ya rangi ya udongo. Kisha bonyezeni ubavu kwa kidole, na pale mlipobonyeza panapaswa kurudi mara moja. Mkishanunua, wapo vijana wanaopaa samaki kwa malipo madogo, na ni vyema kuwaachia kazi hiyo kuliko kujaza magamba jikoni.

Jambo jingine ambalo wageni wengi hawaelezwi ni kuhusu dagaa. Wavuvi wa dagaa hutumia taa kuwavuta, na taa haifanyi kazi vizuri usiku wenye mbalamwezi, kwa hiyo mwezi unapokuwa mpevu dagaa huadimika. Mkitaka kuwanunua kwa wingi, subirini usiku wa giza.

Mboga na matunda yapo Darajani, katika soko lililojengwa mwaka 1904 na mitaa inayolizunguka, na siku hizi pia katika soko jipya la Mwanakwerekwe. Salimuni kwanza, muulize hali, ndipo muulize bei. Sisemi hivi kwa ajili ya adabu peke yake, ingawa adabu ingetosha. Mchuuzi anayewajua ndiye atakayewawekea fungu zuri la bamia na kuwaambia kwa uaminifu kwamba maembe ya leo hayajaiva.

Kuhusu maduka, wengi wetu hufunga wakati wa adhuhuri, tukaswali, tukala na kujipumzisha, kisha tukafungua tena baada ya alasiri, mnamo saa kumi, hadi usiku. Siku ya Ijumaa tunafunga mapema zaidi kwa ajili ya swala ya jamaa. Fundi cherehani na vifaa vya nyumba viwekeni jioni. Umeme hauhitaji safari, kwa sababu uniti za Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, hununuliwa kwa simu.

Mama wa Jambiani:

Mwanangu, mimi nitajibu la bahari. Huku mashariki pwani ni tambarare, na maji yakipwa huenda mbali sana. Ndiyo maana mwani unalimwa huku. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa mchana na usiku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Anayefuata saa ya ukutani hawezi kuikuta pale alipoikuta Jumamosi iliyopita.

Tazama tarehe ya mwezi mwandamo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kuanzia tarehe 1 hadi 3 na kuanzia 15 hadi 17, ni bamvua. Siku hizo bahari hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano za asubuhi, ndio wakati ambao sisi wanawake tunashuka na vijiti vyetu kutafuta pweza, na hujaa sana mnamo saa kumi za alasiri. Inaelekea ninyi mlikuja siku za bamvua, tena asubuhi. Karibu na tarehe 8 na tarehe 22 ni maji mafu: bahari haijai sana wala haipwi sana, na kilele chake huwa saa nne au saa tano za asubuhi. Siku hizo mnaweza kuogelea tangu asubuhi bila wasiwasi. Mkija wakati wa kupwa, msikanyage bila viatu, kwa sababu kuna wanyama wa baharini wenye miba, na mwiba wao ukivunjika unyayoni hutoka kwa taabu. Pia msipite katikati ya kamba za mwani, kwa sababu kila mstari una mwenyewe aliyeufunga kwa mikono yake.

Mkenya wa Mazizini:

Nakubaliana na waliotangulia, ila sishauri kuweka soko, maduka na Paje katika siku moja. Barabara ya kwenda na kurudi inakula nusu ya siku, na mnarudi mmechoka bila kufurahia chochote. Mimi na mke wangu tumezigawa Jumamosi kwa kufuata maji: siku za bamvua tunabaki mjini, tunafika sokoni alfajiri, tunalala mchana kama majirani wanavyolala, kisha tunatoka saa kumi na moja. Siku za maji mafu tunakwenda mashariki tangu asubuhi. Mkilazimika kwenda ufukweni siku ya bamvua, nendeni Nungwi au Kendwa, kaskazini ya kisiwa, ambako bahari haikimbii mbali.

Jioni nendeni Forodhani. Bustani ile ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na kwa maoni yangu hakuna mahali pengine mjini ambapo familia za wenyeji na wageni hukaa pamoja kwa utulivu kama pale. Kubalianeni bei ya mishikaki kabla haijawekwa kwenye sahani. Urojo mzuri, hata hivyo, nimeukuta vichochoroni zaidi kuliko pale bustanini.

Kuhusu Ramadhani, msile wala kunywa hadharani mchana, hata maji ya chupa mkiwa njiani, na mkitoka ufukweni vaeni nguo za heshima kabla ya kupita kijijini. Shughuli zenu zihamishieni usiku: magharibi mitaa huwa mitupu kwa kuwa kila mtu yuko kwenye futari, na baada ya tarawehe maduka hufunguliwa hadi usiku mwingi. Majirani watawaletea sahani ya futari. Sahani hiyo hairudishwi tupu. Mke wangu huirudisha na tende au na viazi vitamu vya nazi.

Mkaazi mpya wa Kikwajuni:

Ninawashukuru sana, na Mama wa Jambiani, shikamoo. Nimemuuliza jirani, akaniambia kwamba Jumamosi ijayo itakuwa tarehe 8 ya mwezi mwandamo. Je, tukiondoka mjini saa mbili tutakuwa tumechelewa?

Mama wa Jambiani:

Marahaba, mwanangu. Hamtachelewa, mtafika maji bado yanajaa. Samaki wa siku hiyo msinunue mjini. Nunueni dikoni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, hapa kwetu, ila chukueni chombo chenye barafu.