Mjadala: Tuongeze miaka ya hakimiliki, au tumlipe mwandishi angali hai?

Mleta mada (Dar es Salaam)

Wadau, habari za jioni. Kila likizuka suala la waandishi kufa maskini, hakosi wa kusema tuongeze muda wa hakimiliki, tuwafuate Waingereza na Wamarekani. Kwetu Tanzania sheria ya 1999 inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kenya na Uganda ni vivyo hivyo. Uingereza na Marekani ni 70. Mimi nasema hiyo 20 ya kuongeza haimtoi mtu kwenye umaskini.

Shaaban Robert alifariki 1962, ulinzi wa kazi zake ukafika ukingoni 2012. Kwa kipimo cha Uingereza angelindwa mpaka 2032. Ingemfaa nini yeye?

Sasa chukulia kitabu cha leo kinachouzwa shilingi 10,000, mrabaha (fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa) asilimia 10. Asilimia 10 ya nini? Hapo ndipo wengi hatusomi mkataba. Kama ni ya bei ya dukani, ni 1,000. Lakini kama ni ya kile kinachomfikia mchapishaji baada ya duka kukata 35%, zimebaki 6,500, na mwandishi ana 650. Nakala 1,000 zikiisha zote, kapata laki sita na nusu. Kisha kitabu hakichapwi tena. Muongezee miaka 20 kaburini, unazidisha 650 kwa sifuri.

Ninachotaka: kitabu kikitelekezwa, haki zirudi kwa mwandishi bila kubembeleza, na Serikali ilipie vitabu vinavyosomwa bure maktaba. Karibuni mnipinge.

Binti wa mwandishi (Mombasa)

Ndugu yangu, hizo ni hesabu za mtu ambaye kwao hakuna mwandishi. Babangu alikufa nikiwa darasa la sita. Kitabu chake kilikuwa hakisomwi na mtu. Kikaja kuteuliwa shule za upili miaka mingi baadaye, na ndipo mamangu akaanza kuona hundi. Kitabu si samaki, kwamba kisiponunuliwa leo kimeoza. Wewe unataka kutuwekea mpaka kwa sababu vitabu unavyovijua wewe vilikufa mapema.

Mleta mada

Dada, pole kwa msiba, na nafurahi mama aliziona hizo hundi. Lakini miaka yote hiyo iko ndani ya 50. Sijasema ipunguzwe hata mmoja.

Binti wa mwandishi

Iko ndani kwa babangu. Mwandishi akifa na miaka 30, kaacha mtoto wa kunyonya, mtoto huyo akifika 50 bado ana watoto wa kusomesha. Nyumba ya baba hainyang'anywi na umma ati kwa kuwa imepita miaka 50. Kwa nini kitabu?

Mkutubi (Kenya)

Mnagombania miaka, sisi huku tunagombania leseni. Kitabu cha karatasi nikikinunua ni changu hadi jalada litoke. Cha kielektroniki mara nyingi nakikodi tu. Mwaka 2011 wachapishaji HarperCollins waliziambia maktaba za Marekani kwamba kitabu chao kikishaazimwa mara 26 kinajifunga, mnunue leseni upya. Hakimiliki iwe 50 au 500, mlango unafungwa na mkataba. Na tangu Katiba ya 2010 ilipoziweka maktaba chini ya kaunti, bajeti ya vitabu inapigana mieleka na ya barabara na ya hospitali. Mnajua nani huanguka.

Kwa hiyo mleta mada, hilo la kulipia vitabu vinavyoazimwa linanitia hofu. Ukinitoza kila nikimpa msomaji riwaya, nitaacha kununua riwaya. Na mtahesabuje? Garissa kuna maktaba ya ngamia. Twende tukafunge mashine kwenye nundu?

Mleta mada

Hiyo ya nundu nimeipenda. Mkutubi, maktaba hailipi hata senti. Denmark walianza kuwalipa waandishi kwa vitabu vya maktaba 1946, Uingereza wakapitisha sheria yao 1979, na fedha hutoka serikalini. Waingereza hawahesabu kila maktaba. Wanachukua sampuli ya maktaba chache na kukadiria nchi nzima. Kila kuazimwa ni pensi tu, na kuna kikomo cha pauni 6,600 kwa mwandishi kwa mwaka, ili wenye majina makubwa wasikombe chungu chote.

Ila kwa hali yetu naona bora njia ya Norwe. Tangu 1965 wananunua nakala za vitabu vipya kwa fedha za umma na kuzigawa maktaba. Wala si ndoto kwetu. Tanzania tulikuwa na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991: mchapishaji anachapa nakala 5,000, mradi unanunua 3,000 na kuzipeleka kwa wasomaji. Fedha zilikuwa za wafadhili, najua. Lakini mwandishi alijua mrabaha wa nakala 3,000 upo kabla hata duka halijafungua.

Mwenye stesheneri (karibu na chuo)

Wakuu, mwizi wenu nimefika. Kuna tamthilia wanafunzi wa fasihi wanaitaka kila muhula. Dukani haipo. Mhadhiri ana nakala moja, uti umeachia, na ukurasa wa 113 ulishachanika. Basi chuo kizima kinasoma tamthilia isiyo na ukurasa wa 113, na mtihani unatoka humo humo.

Kitabu kina kurasa 160. Kwa 50 kila ukurasa ni 8,000, spairo 2,000. Jumla 10,000, bei ile ile ya mleta mada. Mwanafunzi hakukwepa kulipa, kalipa bei kamili ya dukani. Mwandishi kapata sifuri kwa sababu mwenye haki ya kukichapa amekikalia. Wakija wa hakimiliki wananibeba mimi na mashine yangu. Yule aliyekikalia hakuna anayemgongea.

Mleta mada

Mkuu, sikusafishi, lakini umenisaidia kazi. Dada wa Mombasa, umeona? Kinachokula urithi wa watoto wa waandishi wengi ni huyo aliyekalia haki, na akiongezewa miaka 20 ataikalia 20 zaidi. Marekani, pamoja na urefu wa miaka yao, sheria yao ya 1976 inamruhusu mwandishi au warithi wake kuivunja hati ya kuhamisha haki baada ya miaka 35. Sisi tupunguze zaidi: mchapishaji akiombwa kwa barua achape upya, miaka miwili ikapita kimya, haki zirudi.

Binti wa mwandishi

Hilo la warithi kudai, nakubali. La 70 sijaliachia.

Mchapishaji mdogo (Nairobi)

Nimesoma kimya, lakini hilo "kukalia" limeniuma. Sichapi upya kwa sababu sina mtaji wa kuweka nakala ghalani miaka mitano. Sheria ya VAT ya 2013 ilitutwika 16% juu ya vitabu, na bado mnataka bei ishuke. Serikali ikinunua kama Norwe, nitachapa kesho asubuhi.

Kipengele cha miaka miwili nitakitia saini, ila mnieleze kwanza kitabu "kilichoisha" ni kipi. Nikiwa na nakala 40 ghalani, kimeisha? Siku hizi naweza kuchapa moja moja kwa oda. Nikitangaza mtandaoni kwamba kinapatikana kwa oda, kwa maneno yenu hakitaisha milele, na haki hazitarudi.

Mleta mada

Ndiyo maana kipimo kisiwe kupatikana, kiwe mauzo. Taarifa ya mrabaha ikionyesha chini ya nakala 50 kwa miaka miwili mfululizo, barua ya mwandishi inatosha. Na taarifa hiyo itoke kila mwaka hata kama deni ni sufuri, maana wapo ambao hawajawahi kuiona tangu wasaini.