Inakuwaje ukame uongeze sumukuvu kwenye mahindi?

Mkulima wa Kongwa:
Ndugu zangu, naomba kueleweshwa. Tangu zamani tumefundishwa kwamba kuvu hupenda unyevu, na ndiyo maana tunahimizwa kukausha mahindi kabla ya kuyahifadhi. Sasa tunaambiwa kwamba miaka ya ukame ndiyo yenye sumukuvu nyingi. Inawezekanaje mahindi yaliyokaukia shambani yawe na sumu?

Bwana Shamba:
Ndugu Mkulima, swali lako ni la msingi. Kuvu aina ya Aspergillus flavus, ambao ndio hutengeneza sumu hiyo, huishi udongoni na kwenye mabua yaliyobaki shambani, nao hustahimili joto na ukavu kuliko kuvu wengine wengi wanaoshindana nao. Mmea unapokosa maji wakati wa kutoa mbelewele na kujaza punje, kinga yake hudhoofika, punje hupasuka na wadudu hutoboa magunzi, hivyo kuvu huingia mahindi yakiwa bado yanakomaa. Kukausha baada ya kuvuna huzuia sumu isiongezeke, lakini hakuondoi ile iliyokwisha kuingia. Hata Serbia, ambako tatizo hili halikuwa la kawaida, kiangazi kikali cha 2012 kiliharibu mahindi mengi, na mwaka uliofuata sumu ikaonekana kwenye maziwa ya ng'ombe waliolishwa mahindi hayo.

Mkazi wa Makueni:
Naongeza kwamba mvua zisizo na majira nazo zina hatari yake. Mwaka 2004 huku kwetu na Kitui mahindi yalihifadhiwa yakiwa na unyevu. Nchini Kenya waliripotiwa wagonjwa 317 waliodhuriwa na sumukuvu, na 125 kati yao walifariki. Tabianchi inapovurugika, mkulima hupigwa na jua shambani, kisha na mvua wakati wa mavuno.

Mkulima wa Kongwa:
Nashukuru sana. Je, kupika ugali hakuiui sumu hiyo?

Bwana Shamba:
Hapana, moto wa jikoni hauiharibu vya kutosha. Kuchambua punje zilizovunda na kukoboa hupunguza sumu, ila pumba hizo zisipewe mifugo, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hubaki humo. Kinga ya shambani ipo: Aflasafe, yaani mtama uliobeba kuvu wasiotengeneza sumu, humwagwa wiki 2 hadi 3 kabla ya mahindi kutoa maua, kilo 4 hivi kwa ekari. Kwa kuwa huhitaji udongo wenye unyevu ili kuvu hao waote, isubirie mvua, na uchague mbegu inayokomaa mapema.