Naomba ushauri: asidi ya salisiliki au laktiki kwa ngozi mchanganyiko?

Habari zenu wapendwa. Pua na paji la uso vinatoa mafuta, ila mashavu ni makavu, na chunusi zikipona zinaacha madoa meusi. Skrabu ya chengachenga niliiacha maana ilikuwa inanikwaruza.

Sasa, badala ya skrabu, nalinganisha sabuni mbili za maji za uso zenye asidi ya kuondoa ngozi iliyokufa. Moja ina asidi ya salisiliki asilimia 2, ambayo hupenya kwenye mafuta ya vitundu vya ngozi, lakini ina manukato na salfeti, ile ya kutoa povu jingi. Nyingine ina asidi ya laktiki na gliserini, haina manukato, ila asilimia haijaandikwa popote. Losheni ya kukinga jua napaka kila asubuhi.

Je, asidi inayosuuzwa baada ya dakika moja inasaidia kweli? Na kwa mashavu haya nianze na ipi, mara ngapi kwa wiki? Natanguliza shukrani.