Naomba ushauri: chupa za mvinyo na joto la Dar

Wakuu, habari zenu. Mvinyo mwekundu mkavu wa Dodoma hunoga kwenye nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Dar mwezi wa pili inafika 30, kileo kinapanda puani na zabibu huisikii. Kuupoza ni rahisi: ndoo ya barafu na maji, dakika 10 hivi (barafu tupu huacha mapengo ya hewa, inachelewa). Ukizidisha baridi, mvinyo unakausha ulimi kama ndizi mbichi.

Shida ni akiba ya chupa 24 za kizibo cha gome. Joto hutanua mvinyo, kizibo kinasukumwa, hewa inapenya, ladha inachakaa. Zimelazwa chini ya kitanda, AC ni ya usiku tu. Friji ya vinywaji ya nyuzi 13 itahimili umeme ukikatika kwa muda wa saa sita? Au nihamie chupa za kifuniko cha kuzungusha?