Mrejesho: rangi kwenye plasta mpya, Uyole

Wakuu, niliuliza kama plasta ya saruji yenye wiki mbili inaweza kupigwa rangi ndani kwa baridi hii ya Mbeya. Mlisema nisubiri ifike walau wiki nne na nipime unyevu kwa nailoni. Asanteni sana.

Kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita kinabandikwa ukutani, kingo zote zimezibwa kwa selotepu, kinaachwa saa 24. Sebuleni kilitoka kikavu. Ukuta unaopakana na bafu ulitoa matone upande wa ndani wa nailoni, hasa chini karibu na sakafu, ingawa kwa macho kuta zote zilikuwa zimepauka sawasawa. Huo tumeuacha kwanza.

Fundi alitaka kuwasha jiko la mkaa ndani ili kuharakisha. Nilikataa: uso hukauka na kupasuka huku ndani kuna maji, na hewa ya mkaa inaua. Madirisha wazi mchana yanatosha.

Unga mweupe wa chumvi uliotoka ukutani tumeufuta kwa brashi kavu. Ukiosha kwa maji, chumvi inayeyuka na kurudi ukutani. Kisha msasa namba 120, praima (rangi ya kwanza ya msingi) ya kuhimili alkali, yaani ukali wa saruji, mkono (tabaka) mmoja, na rangi ya maji mikono miwili, kila mkono ukilala usiku mzima. Chumba cha mita 3 kwa 3.5, kimo mita 2.7, kimekula kama lita 4 kwa mkono.

Jikoni, rangi ya mafuta inasubiri zaidi, maana alkali ya saruji mbichi huigeuza utelezi kama sabuni, ikabanduka.