Naombeni ushauri: Windows na Linux zinatuvunjia kituo chetu cha kompyuta hapa Bombo

BintiBombo
Asalaam aleikum ndugu zangu, na wale wengine habari zenu. Mimi ni katibu wa kituo kidogo cha vijana hapa Bombo, Uganda, wanakuja jioni wale waliokatisha shule kwa ajili ya ada, tunawafundisha kutaipu, Excel kidogo, kuandika CV na barua, wengine wanatafuta kazi za usekretari na wengine wanataka kufungua kibanda cha fotokopi. Tuna laptopu kumi na mbili za msaada, zote Core i5 ya kizazi cha 6, RAM 4GB, zilikuja na Windows 10.

Shida ni walimu. Wako wawili, wote wanajitolea na wote wanajua kazi, lakini mmoja ni mtu wa Windows kabisa kabisa na mwingine ni wa Linux, ule mfumo wa kompyuta wa bure. Tangu Microsoft waache kuisapoti Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 hakuna amani. Wa Linux akasema tuhamie Mint, aina mojawapo ya Linux, akaiweka kwenye mashine nne akaanza kufundisha nazo. Mwenzake akaja siku yake akazifuta zote nne akaweka Windows 11 ya kulazimisha, bila kuniuliza mimi wala kumwuliza yeyote, na mle ndani kulikuwa na CV za watoto na zoezi la bajeti walilofanya mwezi mzima. Zimekwenda. Sasa hao wawili hawasalimiani, na vijana nao wamegawanyika, wale wa Linux wanakaa peke yao na kujiona wajanja, wale wa Windows wanawaita wendawazimu. Kuna binti mmoja aliuliza tu mbona Word haionekani, akaambiwa yeye ni mtumwa wa Microsoft mbele ya darasa zima, akabeba mkoba wake akaondoka, hajarudi.

Naombeni mnisaidie, niweke mfumo gani na nifanyeje na hawa walimu, maana wote nawahitaji na pesa ya kuajiri mwingine sina.

Fundi_NasserRoad
Waaleikum salaam dada. Mimi nasema wazi, weka Windows. Niko Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, miaka mingi, hapa kazi ni programu za usanifu, CorelDRAW na Photoshop, na hizo zote mbili hazina toleo la Linux. Mhasibu naye anataka Tally au QuickBooks ya kwenye kompyuta, ni Windows. Kijana akija kwangu kuomba kazi nikamkalisha mbele ya mashine akaanza kuniuliza terminal (dirisha la kuandikia amri) iko wapi, mimi namfanyia nini? Mteja amesimama pale anataka kadi za harusi jioni hiyo hiyo. Huyo mwalimu wa Linux anawapenda watoto sawa lakini anawapeleka kwenye kitu ambacho soko letu halikiombi.

PenguiniGulu
Fundi umeongea ya Nasser Road, lakini yeye amesema usekretari na CV, hakusema usanifu. Dada sikiliza, Windows 11 inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8 na chipu ya usalama ya TPM 2.0, mashine zako ni kizazi cha 6 kwa hiyo hata mwalimu akilazimisha ikakubali, Microsoft wenyewe wamesema hawahakikishi apdeti kwa mashine ya hivyo. Na RAM 4GB ndio kiwango cha chini kabisa cha Windows 11, fungua Chrome na Word pamoja uone itakavyolala. Mint ya Xfce, toleo lake jepesi, kwa 4GB inatembea vizuri, na Mint 22 ina sapoti mpaka 2029, bure, bila kraki, yaani programu za kuiba leseni.

Halafu watu wanaongea kama Linux ni kitu cha wendawazimu wachache. Android iliyo mfukoni mwa kila mtu hapa imejengwa juu ya kerneli (kiini) ya Linux. Kompyuta 500 zenye nguvu zaidi duniani, tangu Novemba 2017, zote zinaendeshwa na Linux. Mimi hapa Gulu natumia Firefox kwa Kiacholi, imetafsiriwa na watu wa kujitolea, na mama yangu ambaye Kiingereza ni shida anasoma menyu mwenyewe. Hiyo ndiyo roho ya programu huria na ndiyo maana tunaipenda, si majivuno.

Fundi_NasserRoad
Firefox hata kwenye Windows ipo.

PenguiniGulu
Ipo ndio, kwa sababu ni huria. Ndo ninachosema.

AppleNtinda
Uza hizo zote nunua MacBook mbili za M1, hutasikia virusi wala ugomvi.

BintiBombo
Kaka wa Ntinda asante lakini nina vijana zaidi ya ishirini, kwa laptopu mbili watakaa mapajani. Fundi, hatufundishi usanifu kweli. Penguini, hiyo habari ya kraki imenishtua, nitajuaje kama hizi Windows tulizo nazo ni halali?

MzeeKebo_Entebbe
Mwanangu Binti, shikamoo zenu nimezipokea wote, sasa nipeni nafasi maana jambo hili nimeliona tangu zamani.

Kwanza jibu la swali lako. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika slmgr /xpr, bonyeza enta. Ikikuambia imewashwa kwa kudumu, hiyo inatia moyo. Ikikupa tarehe ya kuisha, na tarehe yenyewe iko ndani ya siku 180, basi karibu hakika mtu amepitisha kraki ya KMS, inayoiga njia ambayo makampuni huwashia Windows zao, na hizo kraki za kupakua ovyo ndizo zinazoingiza virusi kwenye vituo kama chako. Lakini usikate tamaa, laptopu za kampuni za umri huo kwa kawaida zilitoka kiwandani na ufunguo wa Windows ndani ya BIOS yenyewe, ile programu iliyo kwenye chipu ya mashine. Ukipiga Windows 10 safi ya toleo lile lile, Pro kwa Pro au Home kwa Home, inajiwasha yenyewe ukiunganisha intaneti. Nimewaona mafundi wengi wanaweka kraki kwenye mashine ambayo ina leseni yake halali imelala ndani, inaniuma sana.

Kuhusu apdeti za Windows 10, Microsoft wanauza nyongeza. Kwa mtu binafsi inafika 13 Oktoba 2026, dola 30 au unaipata kwa kuunganisha akaunti ya Microsoft. Kwa taasisi ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza na bei inapanda mara mbili kila mwaka. Mashine kumi na mbili ni dola 732, piga hesabu kwa shilingi uone kama kamati yenu itakubali. Shule zinazotambuliwa wanalipa dola 1 tu mwaka wa kwanza, kwa hiyo uliza kama kituo chenu kina usajili wa elimu.

Na hapa ndipo ninapotaka hao walimu wasome wenyewe. Hapa kwetu Windows ilishinda kwa sababu kila duka lilikuwa na sidii ya kraki. Hatukuichagua kwa bei yake, maana bei yake hatukuwahi kuilipa. Ukiweka bei halali mezani, na gharama ya SSD na RAM, ndipo unaanza kuchagua kweli. Kwa hiyo mwalimu wa Windows ataje bei yake mbele ya kamati. Na wa Linux naye ataje ya kwake, kwa sababu bure ya Linux inalipwa kwa muda wa mtu anayeijua.

Vijana hawa wanagombania vita ambavyo wenye navyo walishavimaliza. Steve Ballmer akiwa bosi wa Microsoft mwaka 2001 aliiita Linux saratani. Mwaka 2016 Microsoft hao hao wakajiunga na Linux Foundation kama mwanachama wa ngazi ya juu, na siku hizi ndani ya Windows unaweza kuendesha Linux. Apple na Microsoft nao, Agosti 1997 kule Boston Steve Jobs alisimama jukwaani akatangaza kwamba Microsoft inawekeza dola milioni 150 kwa Apple, sura ya Bill Gates ikatokea kwenye skrini kubwa na mashabiki ukumbini wakazomea. Jobs akawaambia waache kufikiri kwamba ili Apple ishinde lazima Microsoft ishindwe. Mabosi wanapeana mikono, mashabiki wanazomea, ni kama timu zetu za mpira Villa na Express tu.

Mimi naipenda Linux na sifichi. Enzi za sidii za Ubuntu za bure, zile walizokuwa wanatuma kwa posta mpaka 2011, nilipata zangu kwenye sanduku la posta nikagawia watu. Lakini mwalimu aliyemwita yule binti mtumwa amefanya vibaya, na yule aliyefuta kazi za watoto amefanya vibaya zaidi. Hayo usiyachanganye na mifumo. Kufuta kazi ya mwanafunzi ni kosa hata ungeweka mfumo gani, waite wote wawili na uanze na hilo kabla ya kutaja Windows au Linux.

MwalimuMasaka
Shikamoo mzee Kebo. Dada Binti mimi nafundisha ICT sekondari. Kwa kutaipu, Excel na slaidi, LibreOffice, zile programu za ofisi za bure, inatosha kabisa, mwanafunzi akielewa fomula ya SUM na IF kwenye Calc yake ataielewa kwenye Excel. Inapouma ni database, Access na Base ya LibreOffice hazifanani, kwa hiyo ukiwa na kijana anayetaka kurudi shule kufanya Sub ICT, somo la kompyuta la kidato cha juu, huyo afanyie mazoezi kwenye Access.

Kingine ambacho kinaleta matusi bila sababu ni fonti. Mtu anaandika CV kwa Calibri kwenye Windows, akiifungua kwenye Mint mistari inaruka, anasema Linux imeharibu kazi yangu. Weka fonti ya Carlito, herufi zake zina upana ule ule wa Calibri, na Liberation Serif inashika nafasi ya Times New Roman. Na CV ikishakamilika muwafundishe kuitoa kama PDF, mwajiri ataiona vile vile ilivyoandikwa. Nusu ya ugomvi darasani kwangu iliisha hapo.

Fundi_NasserRoad
Mzee Kebo nakuheshimu na hiyo ya kraki umesema kweli, hata hapa kwetu ni hivyo. Lakini kuna swali hamjalijibu na mimi ndilo linanitia wasiwasi kuliko mengine. Huyo mwalimu wa Linux akipata kyeyo (kibarua cha nje) Dubai kesho, nani anabaki Bombo anayejua kurekebisha? Windows ikikataa kuwaka dada anampata fundi stejini pale pale. Nimeona ofisi iliyohamishwa Linux na kijana mmoja mwenye moyo, akaondoka, mashine zikakaa na vumbi mpaka zikarudishwa Windows. Sisemi kwa chuki, nasema kwa sababu wanaoumia ni hao watoto.

PenguiniGulu
Hilo nalikubali Fundi, ni kweli na linatukuta mara nyingi. Dawa yake ni kwamba yule mwalimu asikae na nywila peke yake. Achague vijana watatu, awafundishe kupiga Mint kutoka kwenye flashi mwanzo mpaka mwisho, kurudisha hali ya zamani kwa Timeshift, na kuongeza printa. Mtu akiweza hayo matatu anaweza kukitunza kituo. Na hao watatu wasiwe wa kambi ya Linux tu, mchukue na wa Windows.

Kuhusu bando, mnaweza kuweka apt-cacher-ng kwenye mashine moja, apdeti inashuka mara moja tu na hizo nyingine zinachukua kwake. Na Windows 10 nayo ina kitu cha kugawana apdeti ndani ya mtandao wenu, kiwasheni.

Mkitaka mifumo miwili kwenye mashine moja inawezekana pia. Kazi za wanafunzi ziwekwe kwenye patisheni (sehemu ya diski) yake ya NTFS peke yake, Windows na Mint zote zinaisoma, na mtu akifuta mfumo kazi zinabaki. Ila lazima mzime Fast Startup (kuwaka haraka) kwenye Windows, la sivyo Mint itakubali kusoma tu bila kuandika na watu wataanza tena kulaumiana.

MzeeKebo_Entebbe
Hapo kwenye patisheni umenena. Na kila Ijumaa nakala kwenye diski ya nje, ikae kwa Binti mwenyewe, asiishike mwalimu yeyote.

BintiBombo
Ndugu zangu Mungu awalipe. Nimejaribu ile slmgr, saba zinasema zimewashwa kwa kudumu na tano zinatoa tarehe, kwa hiyo hizo tano ndizo nazihamishia Mint na hakuna wa kubishana hapo, kamati imekubali. Saba zitabaki na Windows 10 mpaka tujue habari ya usajili wa elimu, na kila kijana atapita pande zote mbili. Kila mashine patisheni ya kazi itakuwa peke yake kama Penguini alivyosema.

Walimu nimewaita nyumbani kwa mzee mwenyekiti. Tuliongea kwanza kuhusu zile CV zilizopotea, wa Windows akanyamaza muda mrefu halafu akasema atakaa na vijana waziandike upya, na ameshaanza. Wa Linux nimemwambia aende kwa wazazi wa yule binti aombe msamaha mwenyewe, mimi sitaenda kwa niaba yake. Alikwenda jana, akaonana na mama yake binti. Binti bado hajasema kama atarudi, nimemwacha.

Swali moja limebaki, printa yetu ni Canon LBP ya zamani na kwenye Mint haionekani kabisa.

PenguiniGulu
Hizo LBP za Canon ndizo zinazosumbua, HP zingine nyingi unachomeka tu zinafanya kazi. Uchapishaji wa Linux unapita kwenye CUPS, programu ya kuendesha printa, ile ile ambayo Mac wanatumia, na Apple waliinunua mwaka 2007, ila Canon anataka draiva yake mwenyewe na lazima ilingane na namba ya modeli. Piga picha ya kibandiko cha nyuma uweke hapa.

Fundi_NasserRoad
Ikikataa kabisa iache kwenye moja ya zile saba za Windows uigawe kwenye mtandao, za Mint zitatuma PDF huko. Nakuja Bombo Jumapili kwa shemeji yangu, nitapita na kebo niiangalie.

BintiBombo
Karibu sana kaka, tuko karibu na msikiti mkubwa. Kibandiko nakipiga picha jioni umeme ukirudi.