Je, jambo huwa jema kwa sababu tu Mungu ameliamrisha?

Mdadisi:
Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Kazini kwetu, Waislamu kwa Wakristo, tumekuwa tukijadili swali ambalo mwanafalsafa Mgiriki Socrates alimuuliza mtu aitwaye Euthyphro huko Athens, wakati Euthyphro alipokuwa akimshtaki baba yake mzazi kwa kusababisha kifo cha kibarua: je, miungu hukipenda kilicho chema kwa kuwa ni chema, au huwa chema kwa kuwa miungu inakipenda? Sisi tunaomwamini Mungu mmoja tunabanwa pande zote mbili. Tukisema kwamba amri ndiyo inayoleta wema, basi dhuluma nayo ingeamrishwa ingekuwa wema. Tukisema kwamba wema uliitangulia amri, tunakuwa tumeweka kipimo juu ya Mungu. Naomba hoja, si jazba.

Mkaa Pwani:
Ndugu Mdadisi, swali hili lilitikisa pia Basra na Baghdad, miji ya Iraq. Muutazila, wanateolojia wa Kiislamu walioipa akili nafasi kubwa, walishikilia kwamba akili humjulisha mtu ubaya wa dhuluma na uongo hata kabla hajafikiwa na mtume. Abu al-Hasan al-Ashari, aliyelelewa katika madhehebu hayo chini ya mwalimu wake al-Jubbai, aliyaacha akafundisha kwamba uongo ni mbaya kwa kuwa Mungu ameukataza, na kama angeuhesabu kuwa mwema ungekuwa mwema.

Kauli hiyo hushtua, lakini kuna kisa mashuhuri kinachoifafanua, hata kama baadhi ya wanahistoria wanakitilia shaka. Al-Ashari alimuuliza mwalimu wake kuhusu ndugu watatu: mmoja alikufa muumini, mwingine kafiri, na wa tatu akafa mtoto. Mtoto akilalamika kwamba hakupewa umri wa kujipatia daraja ya juu, ataambiwa, kwa hoja ya al-Jubbai, kuwa Mungu alijua angekuja kuasi, hivyo akamtendea lililomfaa zaidi. Hapo kafiri atapaza sauti kutoka motoni: mbona mimi sikufishwa utotoni? Inasemekana al-Jubbai alikosa jibu.

Kwa maoni yangu, kisa hiki kinathibitisha kwamba hatuwezi kumfanyia Mungu hesabu, lakini hakithibitishi kwamba dhuluma haina ubaya wake yenyewe. Qur'ani (16:90) inasema kwamba Mwenyezi Mungu anaamrisha uadilifu na hisani. Kama uadilifu ni chochote kile kilichoamrishwa, basi aya ingekuwa inatuambia tu kwamba anaamrisha anachokiamrisha. Ndiyo maana naegemea kwa mwanazuoni al-Maturidi wa Samarkand, aliyefariki mwaka 944, ambaye aliipa akili uwezo wa kutambua mengi kati ya mema na maovu, ingawa najua madrasa nyingi za pwani yetu zimesomesha itikadi ya Kiashari.

Mwana Usharika:
Katika Mwanzo 18, Ibrahimu anapoitetea Sodoma, anauliza iwapo Mhukumu wa ulimwengu wote anaweza kuacha kutenda haki, na hakemewi kwa kuuliza. Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkristo wa Zama za Kati, alifundisha kwamba wema si sheria iliyo juu ya Mungu wala si uamuzi wa ghafla tu, kwa kuwa Mungu mwenyewe ndiye wema.

Mbishi:
Mwana Usharika, hapo umelisogeza swali hatua moja tu. Je, huruma ni njema kwa kuwa imo katika dhati ya Mungu, au imo humo kwa kuwa ni njema? Tena Ibrahimu huyohuyo, katika Mwanzo sura ya 22, anakishika kisu ili amchinje mwanawe bila kuuliza lolote.

Mkaa Pwani:
Bwana Mbishi, hoja yako ina uzito, nami sidhani kwamba jibu la Aquinas linaimaliza. Hata hivyo tutenganishe mambo mawili. Idadi ya rakaa za alfajiri haina wema ambao akili ingeugundua, kwa hiyo hapo amri ndiyo kila kitu. Kumpunja yatima ni jambo jingine: amri inamkuta mtu akiwa tayari anajua kwamba ni uovu, nayo inamwongezea wajibu mbele ya Mola atakayemhoji. Kuhusu kisu cha Ibrahimu, mimi nakihesabu kuwa mtihani uliozuiwa kabla haujatimia, lakini nakiri kwamba Mwashari ana njia nyepesi zaidi ya kukieleza kuliko mimi.